Hoja ilipogeuka hesabu: kwa nini waandishi wa injini za chesi hunyamaza

Namba niliyokuwa naitazama ilikuwa 4,865,351. Niliyotakiwa kuiona ilikuwa 4,865,609. Anayeandika injini, yaani programu ya kucheza chesi, huanza na zoezi hili kabla ya lingine lolote: anaiambia programu ihesabu njia zote ambazo mchezo unaweza kupita kuanzia ubao wa mwanzo. Mweupe ana hatua 20. Mweusi akijibu, njia zinakuwa 400. Hatua ya tatu 8,902, ya nne 197,281, ya tano 4,865,609. Namba hizi hazina ubishi, zinajulikana na kila aliyewahi kuigusa kazi hii, na yangu ilikuwa pungufu. Saa nane za usiku, feni inazunguka, nimeupitia msimbo mstari kwa mstari mpaka macho yanawasha, kosa silioni.

Nikauliza mtandaoni, kwenye jukwaa la waandishi wa injini. Hazikupita dakika ishirini, mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, akanijibu kwa mstari mmoja: tofauti yako ni 258, umesahau kula kwa kupita. Akawa amepatia. Ni ile sheria ya askari anayeruka miraba miwili kwa mpigo, akapita ubavuni mwa askari wa adui, na adui akaruhusiwa kumla kana kwamba alisogea mraba mmoja tu. Ukihesabu hatua tano za kwanza za chesi, nafasi za kula namna hiyo ni 258, hazizidi hazipungui. Yule mtu alikuwa ameikariri namba hiyo kama wengine tunavyokariri namba ya simu ya mama.

Mahali pale sijaandika neno kwa miaka sasa. Yeye pia hayupo. Mwaka jana nililitafuta jina lake nikakuta ujumbe wake wa mwisho ni jibu fupi kwa mgeni mwingine, hata kuaga hakuaga. Ndivyo wanavyoondoka karibu wote. Hakuna anayebamiza mlango. Mtu anachelewa kujibu, anasoma bila kuandika, kisha hata kusoma anaacha.

Ukiwauliza waliobaki, sababu ya kwanza watakayokupa ni ukali wa ndimi. Ni kweli, wapo humo watu ambao ukikosea jina la mbinu moja watakuvua nguo hadharani. Sababu ya pili ni maisha: ndoa, watoto, kazi, mgongo. Nayo ni kweli. Lakini wafuga njiwa nao wana ndoa na watoto, wanatukanana vilevile kuhusu mtama na mahindi, na kijiwe chao kinajaa kila jioni. Kwa hiyo sababu hizo mbili hazinitoshi. Mimi naona kilichowaondoa waandishi wa ridhaa, wale wanaoandika kwa mapenzi baada ya saa za kazi, ni kwamba hoja ilinyang'anywa kazi yake. Zamani ukiwa na hoja nzuri ulikuwa na kitu. Leo huna.

Turudi 1950. Claude Shannon wa Bell Labs, Marekani, alichapisha makala iliyoeleza namna kompyuta inavyoweza kucheza chesi, wakati ambapo kompyuta zenyewe dunia nzima zilikuwa za kuhesabika. Ndani yake aliweka kanuni ndogo ya kuupima ubao. Malkia pointi 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, askari 1. Askari wawili wa upande mmoja waliofuatana katika safu moja, askari aliyebaki nyuma ya wenzake, askari mpweke asiye na jirani: kila kasoro inakata nusu pointi. Na kila hatua halali unayoweza kuicheza inakuongezea 0.1, kwa sababu jeshi lenye nafasi ya kutembea ni bora kuliko lililobanwa.

Tazama ile nusu. Kwa nini nusu? Kwa nini isiwe robo, au theluthi? Askari mpweke aliye katikati ya ubao ana ubaya sawa na aliye pembeni? Na kama malkia wote wamekwisha kuliwa, ubaya wake unazidi au unapungua? Mhandisi asiye mchezaji hawezi kujibu, na mchezaji asiye mhandisi hawezi kuiandika. Wanalazimika kuzungumza. Miaka 60 na zaidi ya mijadala ya watu hawa ilikaa ndani ya ile nusu: maaskofu wawili wakiwa pamoja wapewe nyongeza kiasi gani, ngome kwenye safu iliyo wazi ina thamani gani, mfalme akibaki bila askari mbele yake aogope kwa pointi ngapi. Kila swali lilikuwa na watu wa pande mbili, kila upande una michezo yake ya mfano, na mtu wa kawaida aliyecheza chesi shuleni alikuwa na la kusema.

Utamu wake ni kwamba hata wakubwa walikuwamo. Robert Hyatt, ambaye programu yake Cray Blitz ilikuwa bingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1983 na tena 1986, baadaye aliandika Crafty akauweka msimbo wake wazi kwa anayetaka kuusoma, na alikuwa akijibu maswali ya watu wasio na jina lolote. Mtu ameshinda dunia kwa kompyuta ya bei ya mamilioni ya dola, anakueleza wewe wa chumba kimoja kwa nini jedwali lako la kumbukumbu linagongana. Hakuna klabu ya mpira inayokupa hiyo.

Hata lugha yetu ingetosha, kama tungetaka. Mbinu kuu ya injini hizi, alfa-beta, ni kupogoa. Mkulima wa kahawa wa Kibosho haachi kila tawi lirefuke ndipo aamue. Akishaona tawi hili halitazaa kuliko lile alilokwisha kulishika, anakata na kusogea. Injini inafanya hivyohivyo na matawi ya mchezo, na ikipata bahati ya kuanza na tawi bora kila mara, inafika kina karibu mara mbili kwa kazi ileile. Nimeshawahi kumweleza mjomba wangu hivyo akaelewa kabla chai haijapoa.

Basi nini kilitokea? Kwanza, kipimo kilikuja.

Zamani mtu akibadilisha ile nusu kuwa 0.4, alikuwa anacheza mechi mia moja kati ya programu mpya na ya zamani, mpya ikishinda kidogo anakuja kutangaza. Tatizo ni kwamba mechi mia moja hazisemi kitu. Kama nusu ya mechi zinaisha sare, upotofu wa mechi mia ni karibu pointi 48 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, kila upande. Uboreshaji wenyewe unaotafutwa mara nyingi ni pointi 2. Ni kama kupima uzito wa sindano kwa mizani ya gunia la mkaa. Mechi 1,000 zinakuacha na upotofu wa pointi 15 hivi. Ukitaka kuiona pointi 2 kwa uhakika unaoaminika, unakwenda kwenye mechi kama 60,000.

Mwaka 2013 Gary Linscott aliwajengea watu wa Stockfish, injini ya chesi ya bure yenye msimbo wazi, mfumo wa Fishtest: watu wa kujitolea kote duniani wanaazimisha kompyuta zao, na kila wazo linapigwa mechi kwa maelfu mpaka takwimu iseme ndiyo au hapana. Nitakuwa muungwana hapa: mfumo huo ulifichua kwamba sehemu kubwa ya tuliyokuwa tukiyabishania kwa miaka ilikuwa kelele. Watu walitetea kwa jazba mabadiliko ambayo hayakuwa na athari yoyote. Wengine tulitetea yenye hasara. Sikuwahi kukiri hadharani, lakini nyongeza yangu ya farasi aliyejikita ndani ya eneo la adui, niliyoitetea wiki mbili nzima, nilipokuja kuipima vizuri ilikuwa inaidhoofisha programu.

Ila tazama kilichofuata. Mtu analeta wazo. Jibu linakuja kwa neno moja: ipime. Ni jibu sahihi, na kwa sababu ni sahihi huwezi kulijibu. Nilipiga hesabu kwa laptopu yangu yenye prosesa ya viini vinne. Mechi 60,000, kila moja nusu dakika kwa kasi ya haraka kabisa, ni saa 500 za kiini kimoja. Nikivitumia vyote vinne ni siku tano na saa tano mfululizo, laptopu haifanyi kazi nyingine, feni yake inalia kama nyigu, Luku inashuka, na Mungu aepushe umeme usikatike. Hapo nimejibu swali moja, ile nusu iwe 0.5 au 0.4. Fishtest inalimaliza swali hilohilo kwa muda wa kwenda dukani na kurudi.

Kwa hiyo mtu wa laptopu moja hana cha kuleta mezani. Wazo lake bila kipimo ni porojo, na kipimo chake bila mashine ni bahati nasibu. Hajafukuzwa na yeyote. Ananyamaza tu, kama mtu aliyefika mnadani na elfu kumi mfukoni.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi. Desemba 2017 DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google, walitangaza AlphaZero, iliyojifunza chesi kwa kucheza na nafsi yake ikitumia prosesa maalumu 5,000, kisha ikacheza mechi 100 na Stockfish 8: ikashinda 28, sare 72, haikupoteza hata moja. Hilo watu wa ridhaa waliliona kama tembo wa jirani. Kubwa, la kutisha, lakini halimo shambani mwetu. Aliyeingia shambani ni mwingine. Mwaka 2018 Mjapani Yu Nasu alibuni, kwa ajili ya shogi, chesi ya Kijapani, aina ya mtandao wa nyuroni, yaani hesabu inayojifunza yenyewe kuupima ubao, mwepesi kiasi cha kuendeshwa na prosesa ya kawaida. Agosti 2020 ukaingizwa ndani ya Stockfish. Mwaka 2023 tathmini ya zamani iliyoandikwa kwa mkono ikaondolewa kabisa.

Ile nusu ya Shannon, pamoja na watoto na wajukuu zake wote, ikafutwa. Ilikuwa haihitajiki tena.

Mtandao wa kwanza ulioingia Stockfish ulikuwa na namba zaidi ya milioni 10 ndani yake. Uulize kwa nini ngome pale ina thamani. Hauna neno la kukujibu. Uliza waliouunda, nao hawana, kwa sababu hawakuiandika thamani hiyo popote, ilijitengeneza. Zamani ungeweza kufungua faili, ukaona mstari unaosema askari mpweke, ukauchukia, ukauandikia barua ndefu. Leo unafungua faili unakuta bahari ya namba. Utabishana na namba ipi?

Kuna anayesema mazungumzo hayajafa, yamehama tu: sasa ni kuhusu namna ya kuufundisha mtandao, data gani, kasi gani. Ni kweli, na ni mazungumzo ya watu werevu sana. Ila ni ya fundi na fundi. Mchezaji aliyekuwa akija na mchezo wa Capablanca, bingwa wa dunia wa zamani, mkononi kusema "tazama askofu huyu" hana kiti pale. Mazungumzo ya zamani yaliishi kwa sababu kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu. Sasa wenye jibu zima wanazungumza wao kwa wao, na wasio na jibu wamekuwa watazamaji.

Juu ya hayo kuna jambo la wizi, ambalo waliokuwapo hawapendi kulizungumza na ambao hawakuwapo hawalielewi. Mwaka 2005 Fabien Letouzey wa Ufaransa alitoa injini yake Fruit 2.1 na msimbo wake wote wazi. Ilikuwa safi, fupi, yenye nguvu. Kila mtu aliisoma. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatokea Rybka ya Vasik Rajlich, ikawaacha wote mbali na kutwaa ubingwa wa dunia miaka minne mfululizo, 2007 mpaka 2010. Juni 2011 chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, ICGA, kikamvua mataji yote manne na kumfungia maisha, kwa hoja kwamba Rybka ilibeba kazi ya Crafty na ya Fruit bila kukiri. Rajlich alikana. Watu wakagawanyika mafungu mawili, na hadi leo ukilitaja jina hilo mahali wanapokutana wazee wa fani, chakula kinapoa.

Sitaki kumhukumu mtu hapa. Ninachokitazama ni alama iliyoachwa na kesi ile. Tangu hapo kijana akitokea na injini yenye nguvu, swali la kwanza haliwi "umefanyaje?" Linakuwa "umetoa wapi?" Aliyeandika mwenyewe anajikuta anajitetea mbele ya watu asiowajua, anaombwa aonyeshe historia ya faili zake kama mtuhumiwa anayeonyesha risiti. Baadhi huonyesha. Wengine husema basi, hii ilikuwa starehe yangu ya jioni, na jioni nina starehe nyingine. Mwaka 2021 ChessBase, kampuni ya programu za chesi, walipouza Fat Fritz 2, iliyojengwa juu ya Stockfish, wenye Stockfish waliwapeleka mahakamani Ujerumani kwa madai ya kuvunja leseni yake, wakapatana 2022. Kesi hiyo naiona ilikuwa ya haki, leseni ni leseni. Lakini kila kesi inaongeza mlinzi mmoja mlangoni, na mlinzi hajui kutofautisha mwizi na mgeni.

Mkasa wenyewe una kinaya chake: Stockfish iko wazi, bora, na ya bure. Mgeni akiuliza namna ya kufanya jambo lolote, jibu la kweli ni "soma walivyofanya Stockfish." Akisoma na kuelewa, anashukiwa. Asiposoma, anaambiwa mvivu.

Wapo pia walioondoka kwa sababu wamemaliza, na hao hawahitaji kuhurumiwa. Mtu alitaka kuona programu yake ikimshinda yeye mwenyewe. Ikamshinda Jumanne moja. Akazima kompyuta akaenda kulala na furaha.

Na wapo waliohamia vyumba vya faragha, makundi ya watu kumi na wawili yenye mazungumzo ya papo kwa papo. Humo heshima ipo na utani upo. Kinachokosekana ni kwamba maneno yao hayamfikii mtu wa tatu. Lile jibu langu la 258 lilibaki wazi, na najua liliwasaidia wengine kwa sababu wawili waliandika chini yake asante, miezi kadhaa baadaye. Leo ningeiuliza programu ya akili bandia. Ingenijibu kwa sekunde tano, pengine kwa upole zaidi. Na yule mtu wa nchi nisiyoijua asingejua kabisa kwamba nipo.

Mimi nimehamia kwenye bao. Sisemi nimevumbua kitu. Wapo watafiti wa Uholanzi waliokwisha kuliandikia bao programu siku nyingi. Lakini hakuna wa kuniambia nenda kasome msimbo wa fulani. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na sheria za nyumba, lile shimo maalumu la kulimbikiza kete, peke yake zilinigharimu wiki tatu. Nilipoona programu inakwenda bila kukosea niliichukua kwenye simu Jumamosi moja, nikaenda nayo kwenye kijiwe cha wazee mtaani kwetu. Shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda.

Mzee mmoja akacheza nayo namua, sehemu ya kwanza ya mchezo ambapo kete za mkononi huingizwa ubaoni. Katikati ya mchezo programu ikala, kete ya mwisho ikaangukia nyumbani kwake yenyewe. Ina hiari hapo, kulala, yaani kusimama, au kusafiri, yaani kuzichota kete za nyumba na kuendelea. Ikasafiri.

Mzee akaweka kikombe cha kahawa chini. "Mwanangu, nyumba ina kete kumi na moja. Inasafiri inakwenda wapi?"

Nikamwambia imehesabu hatua sita mbele, imeona faida.

"Na ya saba je?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ya saba haikuiona. Mwenzake aliyekuwa anatazama akadakia kwamba hata yeye angesafiri, maana kichwa cha mpinzani kilikuwa kitupu. Mzee akasema kichwa kitupu hujazwa. Wakavutana mpaka adhana ya Alasiri, mmoja anashikilia kwamba nyumba ikifika kete kumi isiguswe kwa hali yoyote, mwingine anasema hata nane inatosha kuilinda kama mwenzako ana kete chache mkononi. Wa tatu akaingia akiwa na sita yake.

Nimeweka nane. Jumamosi narudi nayo.